Miaka Thelathini na Minne, Aina Mbili za Herufi

Leo ni Jumatano, tarehe ishirini na sita Novemba. Ninaahidi kueleza yote ninayoyajua kuhusu Mzee Mbili bila kutia chumvi, kwa kuwa mwalimu wetu wa Kiswahili hufundisha kwamba wasifu wenye chumvi nyingi humwachia msomaji kiu. Mzee amekitumikia kiwanda hiki cha uchapaji kwa miaka thelathini na minne, akipanga kurasa na kuchagua herufi. Anastaafu Ijumaa hii.

Huenda ukashangaa kwa nini kazi hii imepewa mwanafunzi wa sekondari. Wafanyakazi wote waliombwa kuandika, na wote, kwa heshima kubwa waliyonayo kwa Mzee, walikuwa na shughuli. Ndipo shangazi yangu, ambaye ni mkata karatasi hapa, aliposema, "Mpeni huyu binti yangu. Kila Jumamosi amemganda Mzee kama kupe." Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa.

Nimepewa pia kuupanga ukurasa wenyewe, na hapo mimi nina jambo langu. Mkurugenzi anakusudia kuiondoa meza ya Mzee na kuweka mashine ya kutoa nakala, kwa sababu, anasema, siku hizi kompyuta inajua kila kitu. Nilimwomba aniachie meza hiyo siku za Jumamosi na likizo. Alicheka, kisha akaona sicheki. "Haya, panga ukurasa wa kumuaga," akasema. "Mzee akiutia sahihi, meza yako. Asipoutia, mwanangu, tusisumbuane tena." Desturi ya kiwanda hiki ni kwamba karatasi inayomhusu mtu haipandi mashineni mpaka mwenyewe asome prufu, yaani nakala ya majaribio, na kutia sahihi pembeni. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa maneno haya ni Mzee, na kalamu anayo mkononi.

Alianza kazi enzi za herufi za madini ya risasi, zilizopangwa moja moja kwa vidole. Kiwanda kilikuwa na aina mbili tu za herufi na hakuna aliyelalamika. Baadaye ikaja kompyuta yenye aina mia tatu, na idara nzima ikapelekwa semina ya siku tano. Wenzake walirudi wakizitumia zote. Mzee alirudi akitumia mbili, ndipo akapewa jina alilo nalo. Cheti cha semina hiyo, ambacho chenyewe kina aina saba za herufi, amekitunza vizuri sana: amekikunja mara nne na kukiweka chini ya mguu mfupi wa meza.

Elimu yake si ndefu kuieleza. Herufi zenye vijistari miguuni huziita "zenye viatu", na zile zilizonyooka bila kitu huziita "peku". Zenye viatu huzipa maelezo marefu, kwa kuwa safari ndefu hutaka viatu. Peku nene huzipa kichwa cha habari, ziwahi kulifikia jicho. Akishazichagua mbili, huibandika karatasi ukutani, hurudi nyuma hatua sita, hufumba macho, kisha huyafumbua ghafla. Jicho likitua mahali pasipostahili, huanza upya. Wageni humdhania anaswali.

Nilitafuta kwenye faili tuzo alizowahi kupata, sikuona hata moja. Si ajabu. Kazi yake ikifaulu, msomaji husoma tu na kwenda zake, wala hajui kwamba amesaidiwa.

Zahanati moja iliwahi kuleta karatasi ya maelezo ya dawa. Muuguzi mkuu alitaka kila neno liwe nene kwa sababu kila neno ni muhimu. Mzee alimjibu kwa upole, "Dada, wote wakipiga kelele, atasikika nani?" Akayapa peku nene idadi ya vidonge na saa za kumeza tu, mengine yote akayavisha viatu. Baada ya miezi miwili muuguzi alirudi na barua ya kulalamika kwamba wagonjwa hawaji tena dirishani kumuuliza dozi. Alikuwa amewazoea. Hiyo ndiyo barua pekee ya sifa iliyomo kwenye faili, na imeandikwa kama malalamiko.

Mwaka alioenda likizo ndefu, kiwanda kilichapa kadi ya harusi yenye aina kumi na moja za herufi, kwa matakwa ya mjomba wa bibi harusi. Kila aliyeipokea aliisifu, kisha akapiga simu kuuliza harusi ni wapi na saa ngapi. Kadi hiyo imewekwa kwenye fremu mapokezi, ndiyo sampuli tunayowaonyesha wateja. Mzee hupita hapo akitazama dari.

Nimeahidi yote, kwa hiyo na hili niliseme: mtu huyu aliyelinganisha herufi miaka yote hii hajawahi kulinganisha shati na suruali. Mke wake humpangia nguo za wiki nzima. Aliposafiri kumuuguza dada yake, Mzee alikuja kazini na mistari juu, miraba chini. Fundi mashine akamwuliza, "Mzee, leo umetoka prufu ya ngapi?"

Mimi nilifika kwake na ratiba ya siku ya zawadi shuleni kwetu. Nilikuwa nimechagua aina mbili, zote zenye viatu, zinazofanana karibu kabisa, na nilijiona mjuzi. Aliitazama muda mrefu. "Hawa ni ndugu waliokosana," akasema. "Sura moja, maneno hawapeani. Chukua mmoja, au tafuta wawili wasiofanana." Nikaenda nikatafuta wawili wasiofanana kweli kweli: mmoja wa mapambo ya maua, mwingine mnene kama gogo. Akatikisa kichwa. "Mafahali wawili, zizi moja. Mmoja aongoze, mwenzake abebe mzigo." Mara ya tano ratiba ilichapwa. Mwalimu mkuu aliisoma yote jukwaani bila kukwama hata mara moja, akashuka akisema sauti yake siku hiyo ilikuwa nzuri. Mzee nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. Lakini kama ninaiweza kazi hii au siiwezi, hajawahi kuniambia.

Kuhusu ukurasa huu, Mkurugenzi alipendekeza kila idara ipewe aina yake ya herufi, ili asiachwe mtu. Nilimshukuru sana. Ukurasa una mbili. Nimeubandika ukutani na kurudi nyuma hatua sita zangu, ambazo ni nne za Mzee, na jicho langu lilitua kwenye miaka yake ya kazi kabla ya kitu kingine chochote. Sijui la kwake litatua wapi.

Mzee wetu, kwa niaba ya wote waliokuwa na shughuli, asante. Umeyapumzisha macho ya watu wasiokujua. Sasa nawe yapumzishe yako. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na siku nyingi za amani pamoja na mama.

Mashine inaanza kesho saa sita mchana. Shangazi atakuletea prufu hii na kuisubiri mlangoni. Mimi nitakuwa kwenye kipindi cha hisabati, na sidhani kama nitasikia kitu. Je, utatia sahihi? Na kama hutatia, Mzee, niandikie hapo pembeni: jicho lako limekwama wapi?