Papa Syauswa na Utenzi Usiotaja Wakubwa

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Papa Esdras Syauswa anaondoka kazini baada ya miaka thelathini na mitatu katika redio yetu ya hapa Kimemi, Butembo. Ningependa kuandika kwamba tunafurahi. Hatufurahi, na yeye mwenyewe tangu wiki jana anafunga kaseti zake kwenye maboksi polepole, moja moja.

Alianza mwaka 1992 kama mlinzi wa groupe, ile jenereta iliyotutunza wakati umeme ulipokosekana, yaani kila siku. Alasiri moja mtangazaji hakufika. Syauswa akaingia studio, mikono imejaa mazutu, dizeli ya groupe, akaanza kukariri utenzi wa mababu waliovuka mto Semliki wakapanda milima hii. Baba yake aliukariri kwa Kinande, lugha ya milima hii. Yeye aliuweka katika Kiswahili ili hata wafanyabiashara Waislamu wa Beni waufuate. Mazutu yaliisha kabla ya utenzi, na watu wakaja hadi uani kwetu kudai mwisho wake. Hapo ndipo kilipozaliwa kipindi cha Jumapili, kinachosomwa mbele ya watu.

Utenzi huo una desturi yake. Msimulizi akitaja jina, wasikilizaji hujibu, "Tunamujua." Wasipojibu, jina hilo halimo, hata likitajwa kwa sauti tamu namna gani.

Mwaka 1999, wakati wa uasi, kamanda aliyeushika mji alitaka naye awekwe miongoni mwa waliovuka Semliki. Alikuja na askari wake, akakaa mbele. Mimi nilikuwa kwenye mitambo. Alilitaja jina la kamanda. Ua mzima ukanyamaza. Mwishowe msichana mmoja muuza maharagwe akasema, bila kuinua sauti, "Ule, hapana. Hatumujue."

Syauswa alilala siku nne kwenye cachot, mahabusu ya askari, kwa kosa la ukimya wa watu wengine. Alipotoka aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mimi niliogopa. Bale batu, hapana."

Yule muuza maharagwe ndiye Mama Virginie, mke wake. Tumemtania miaka yote kwamba alimwoa ili amkosoe nyumbani badala ya hadharani. Mama anasema hata nyumbani kazi ilikuwa nyingi.

Tangu cachot alijiwekea sheria mbili: aliye madarakani haingii katika utenzi, na damu ya msimulizi haingii. Atamkatalia vipi mkubwa, alituuliza, huku akiwaweka watoto wake? Wakubwa wakaja, wakubwa wakaenda, kila mmoja na wajumbe wake na mbuzi wa kutuhonga. Mbuzi wao walirudishwa wote, isipokuwa mmoja aliyekata kamba akala ratiba yetu ya vipindi.

Mauaji yalipozidi upande wa Beni, Syauswa aliongeza sehemu mpya: majina ya waliouawa mashambani. Aliyakusanya mwenyewe kwa pikipiki, kwenye matanga, akiuliza kila familia jina linavyotamkwa. Ni zaidi ya mia nne. Nimeyasikia yote, na kuna Jumapili nilitoka mitamboni kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Mwaka 2022 ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitutumia barua. Ilitaka mambo mawili: jina la mkubwa wake liingie, na majina ya wafu yatoke, maana yanavunja watu moyo. Syauswa alikataa yote mawili. Kipindi kilifungwa miezi minane. Katika miezi hiyo alikariri kwenye matanga, bila mikrofoni, na watu walijibu.

Katika miezi hiyo hiyo binti yake Victoire alikwenda kumsaidia shangazi yake kuvuna kakao karibu na Kamango, upande huo huo wa Beni. Hakurudi. Kipindi kilipofunguliwa tulimsihi baba yake amtaje. Alikataa. Sheria, alisema, haiwezi kuwa ya wakubwa peke yao. Akasoma majina ya watoto wa wenzake hadi mwisho, akakunja karatasi, akaenda kukaa karibu na groupe. Mimi niliona kwamba amejidhulumu, na bado naona hivyo.

Papa Syauswa, asante kwa sauti yako na kwa ukaidi wako. Upumzike. Mahindi yako yazae, miguu isikuume, na miaka iliyobaki iwe myepesi kuliko hii uliyotupa.

Aya inayofuata haimo katika nakala aliyopewa yeye.

Ijumaa, tukimuaga, atakayekariri ni Léa, mrithi wake. Léa si damu yake, kwa hiyo sheria haimfungi. Nilikwenda kumwomba Mama Virginie ruhusa, nikamkuta anachagua maharagwe. Hakuinua macho. "Mumutaje," alisema. "Mimi ndio nitajibu wa kwanza." Jina litakuwa la mwisho katika orodha: Masika Victoire, binti wa Syauswa. Kwenye viti vya mbele watakaa wakubwa, na wao hatutawataja. Nyinyi mlio nyuma, msimwache mama ajibu peke yake.

Bénite, fundi mitambo