Kwaya Ilinitafuta Masaka

Ndugu zangu, Yesu apewe sifa! Ushuhuda huu nimeuandika na kuufuta tena na tena, nikitaka usiwe na kosa. Leo nausoma na makosa yake.

Mnanijua kwa kinanda. Nilijifundisha mwenyewe kwa simu ya mama, nyumbani kwetu mtaa wa Niboye. Jumapili moja nilikosea wimbo wa sadaka. Nyinyi mliendelea kuimba. Mimi sikuendelea. Usingizi ulipotea, chakula kikanishinda, kosa lile likarudi kichwani bila kupumzika. Mwisho nikamwambia mama kwamba sitaki tena kuishi. Mama hakunikemea. Alinipeleka hospitali, nikalazwa kwa muda mfupi katika wodi ya vijana waliofika pale nilipofika mimi.

Ndugu zangu, aibu! Mpiga kinanda wa Bwana, kati ya wagonjwa wa akili! Nikamlazimisha mama awaambie niko Masaka kwa shangazi, nina malaria. Nikasahau kwamba kwetu mgonjwa lazima atembelewe!

Wanakwaya wakapanda pikipiki hadi Masaka na sufuria za chakula. Shangazi, ambaye hatukumwambia uongo wetu, akasema ukweli, nao wakageuza pikipiki hadi hospitalini. Nesi aliponiambia wamefika mlangoni, nilivaa viatu nitoroke.

"Ukitaka waondoke, nitawaambia," nesi alisema. "Lakini wewe baki. Matibabu hayajaisha."

Nilibaki, nimejifunika shuka hadi kichwani. Nikasikia mwalimu wa kwaya:

"Aline we! Tumekula vumbi la Masaka mpaka kwenye meno. Hizi ndizi zimetembea kuliko sisi. Amka ule!"

"Na malaria yako inahamahama," dada mmoja akadakia. "Kesho tungeifuata hadi mtaa wa Kinyinya!"

Nilicheka nikilia. Nikala mbele yao, nywele hazijachanwa. Hapo Mungu alinifungua! Nilikaa wodini mpaka daktari aliponiruhusu. Hata sasa naenda kwa mshauri, na bado naona haya kuwatazama usoni.

Kijana unayenisikiliza, usiseme uko Masaka. Mwambie mtu mzima mahali ulipo kweli, ukubali kupelekwa hospitali. Mtumaini Mungu, hahitaji uwe safi ndipo akufuate.

Asante Bwana. Asante mama. Sasa niruhusuni nipige ule wimbo wa sadaka. Nikikosea, endeleeni kuimba. Safari hii nami nitaendelea.