Keziah Nekesa na Nusu Ekari ya Kigango cha Nasubila

Baba Paroko, wazee wa ukoo, akina mama wa kigango, majirani wa Nasubila na wageni mliotoka mbali, familia ya marehemu Mzee Protus Simiyu imesimama mbele yenu leo, Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025, kuwasomea maisha ya binti yao Keziah Nekesa, na kabla ya lolote ijulikane kwamba maisha haya ameyaandika marehemu mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa amelazwa hospitalini mjini Riyadh, kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 20 Machi mwaka huu, akijitaja kama mtu mwingine jinsi desturi inavyotaka, akiacha nafasi wazi ya siku ya kifo ili binti yake Maryann aijaze. Alisema amesikiliza historia nyingi ambazo marehemu wenyewe wangefufuka wasingejitambua, kila mtu alikuwa mpole, kila mtu alikuwa mcheshi, hakuna aliyewahi kukosana na jirani, na yeye amechoka na habari hizo. Aliomba asomewe na mdogo wake Onesmus, akaagiza Onesmus apewe karatasi hizi siku tatu kabla ya mazishi, azisome peke yake, maana kumvizia mtu mbele ya jeneza si uungwana. Alipewa Jumatano, amezisoma, na ndiye huyu aliyesimama.

Keziah alizaliwa tarehe 14 Septemba 1971, hapa hapa Nasubila, nje kidogo ya Kimilili, wakati wa mavuno, ndiyo sababu akaitwa Nekesa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Protus, aliyekuwa katekista wa kigango hiki kwa miaka thelathini na minne, na Mama Sellah, aliyetoka katika Kanisa la Marafiki na ambaye, baada ya kukubali kubatiza watoto kwa Wakatoliki, aligoma kabisa kuchaguliwa jina la mtakatifu, akafungua Biblia kitabu cha Ayubu, akatoa Keziah. Onesmus alizaliwa mwaka 1975, na baada yake mama hakupata mtoto mwingine, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu wa kugombana, nao waliifanya kazi hiyo vizuri.

Alisoma shule ya msingi Nasubila kuanzia mwaka 1978 hadi 1985, kisha shule ya upili ya wasichana hadi mwaka 1989, akawa wa tatu darasani, na jioni baba aliwafundisha yeye na mdogo wake sala za zamani za Kilatini, ambazo Keziah alizishika neno kwa neno bila kujua maana hata moja, kwa kuwa lugha ile inasomeka kama Kiswahili, a ni a na u ni u. Mwaka huo huo wa 1989, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 27 Machi, Mzee Protus alikipa kigango nusu ekari ya shamba lake iliyo upande wa barabara, na hilo tutalirudia, kwa maana limekula miaka ya watu.

Tangu mwaka 1991 alikuwa karani wa masjala katika hospitali moja ya misheni, akipanga mafaili ya wagonjwa kwa herufi, kazi aliyoipenda hadi mafaili yakaingia kwenye kompyuta na yeye akaachishwa, mwezi Novemba 2007. Alifunga ndoa na Robinson Barasa tarehe 18 Desemba 1993, fundi wa malori, mtu wa maneno machache, na walijaliwa binti mmoja, Maryann, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1996. Robinson alifariki tarehe 2 Juni 2006 baada ya kuugua figo, na Keziah hakutaka kuandika zaidi juu ya siku zile.

Tarehe 9 Februari 2008 alisafiri kwenda Jeddah, mtaa wa Aziziya, katika nyumba ya Bwana Haroub na mkewe Bi Saleha, watu wa asili ya Zanzibar waliohama baada ya mwaka 1964, ambao hawakutafuta mfanyakazi tu bali mtu wa kuongea naye Kiswahili, kwa kuwa wajukuu wote walikuwa wamegeukia Kiarabu. Bahati yao wakapata Kiswahili cha Kimilili. Bi Saleha alimkataza kumwita madam, akataka aitwe Bibi, kisha akatumia miaka minne kumsahihisha, akisema, wallahi, Kiswahili cha mtoto huyu kina mifupa, na Keziah naye akimjibu kwamba cha Unguja kimeiva mno mpaka hakitafuniki, na wote wawili wakicheka hadi chai ikapoa. Si wote waliokwenda huko waliopata nyumba ya namna hiyo, naye hakuacha kulisema, maana aliwajua dada wa kwao ambao simu zao zilifichwa na mapumziko yao, kama wasemavyo Waarabu, yalikuwa mafi, yaani hayapo.

Maryann, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alibaki na Onesmus na mkewe Susan. Walimlea, walimpeleka shule, walikesha naye alipougua malaria, na siku ya mahafali yake ni Onesmus aliyevaa suti akapiga makofi hadi mikono ikamuuma. Keziah aliomba mstari huu usomwe polepole.

Bwana Haroub alifariki mwaka 2012 na Bi Saleha akamfuata miezi mitano baadaye, na Keziah alipokuwa akifunga sanduku lake arudi nyumbani, binti yao Arwa, mwalimu wa historia katika chuo kimoja mjini Riyadh, alimwomba ahamie kwake, mtaa wa Al-Sulimaniyah, akambadilishia ikama, kile kibali cha kuishi, akawa ndiye kafili, mdhamini wake. Arwa alikuwa akichunguza jambo ambalo Keziah mwanzoni alidhani ni utani, yaani mashamba ya makanisa katika zile nchi ambazo wapiganaji wa msalaba walizianzisha pande za Yerusalemu, miaka mia tisa iliyopita, nani alimpa nani kijiji, nani alikataa, na kesi ziliishaje. Alipoulizwa Mwislamu ana haja gani na mashamba ya mapadri, Arwa alijibu kwamba babu yake aliacha nyumba Unguja na hati yake ikabaki kabatini, na tangu utotoni alitaka kujua serikali ikibadilika karatasi inabaki na nguvu gani.

Wiki ya pili, akifuta vumbi, Keziah alikuta masanduku yenye kadi elfu mbili na mia tatu, kila kadi na kijiji chake, akaona zimechanganyika ovyo, na kwa kuwa alikuwa karani wa masjala na moyo wake haukustahimili, akazipanga zote kwa herufi, A hadi Z, siku tatu nzima, akamwita bosi wake aje aone kazi. Arwa aliketi sakafuni akalia. Kadi zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, kesi baada ya kesi, kazi ya miaka kumi na moja. Jamani, Keziah alitamani ardhi impasukie, lakini Arwa alipomaliza kulia alisema yalla, basi tuzirudishe, na kuzirudisha kulichukua miezi minne, Keziah akisoma tarehe za Kilatini kwa sauti na Arwa akimwonyesha pa kuiweka kila kadi, na hapo ndipo alipojifunza. Macho ya Arwa yalipoanza kufifia mwaka 2015, Keziah ndiye aliyekuwa akimsomea hati zenyewe, asubuhi baada ya kazi za nyumba, kwa matamshi ya katekista wa Nasubila, na Arwa alikuwa akisema hajasikia Kilatini safi hivyo hata kwa maprofesa.

Wakati huo kesi ya hapa nyumbani ilikuwa imeanza. Mzee Protus alifariki tarehe 30 Agosti 2011, hati miliki ikiwa bado na jina lake peke yake, barabara ikatiwa lami, na mwaka 2013 Onesmus alikwenda mahakamani kudai kwamba nusu ekari haikutolewa kamwe, kigango kimeazimwa tu. Ana wana wanne na shamba lililobaki ni la kugeuzia ng'ombe, hilo nalo ni kweli na lisemwe. Parokia ilimwandikia Keziah ale kiapo dhidi ya mdogo wake. Onesmus alimpigia simu atie sahihi upande wake, na aliposita akamwambia kwamba aliyekwenda Uarabuni hawezi kumfundisha mipaka ya shamba. Keziah hakula kiapo na hakutia sahihi. Alinyamaza miaka kumi na miwili, kesi ikitajwa na kuahirishwa, faili likipotea na kuonekana, hakimu akihamishwa, na kuta za kanisa lililokuwa likijengwa pale zikiishia kwenye linta, mvua ikiingia ndani. Alinyamaza kwa sababu Onesmus alikuwa amemlelea mtoto, na angemwitaje mwongo mtu aliyempigia mwanawe makofi?

Na kila asubuhi kule Riyadh, katika mji ambao hauna hata kiwanja kimoja cha kanisa cha kugombaniwa, alikuwa akisoma mambo yale yale. Kulikuwa na kesi moja iliyomchosha kuliko zote, ya kijiji chenye mizeituni na kinu, mtu alikitoa kwa kanisa akafa, ndugu yake akasema hakikutolewa, wakaenda kwa askofu, wakaenda kwa mfalme, wakaandika Roma, miaka thelathini na mmoja, na wenyeji waliochuma ile mizeituni waliendelea kuchuma na kumpelekea yeyote aliyetokea mwaka huo, wala hakuna aliyewauliza kitu. Keziah alifunga kitabu akasema halas, imetosha, hata hawa. Lakini alijifunza pia jinsi nyingi za kesi hizo zilivyomalizika, kwamba karatasi ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, mrithi akasimama akasema hana dai tena, mara nyingine kando ya kaburi, na waliosikia wakaandikwa majina, na dada waliandikwa pia, kwamba fulani, dada yake, anakubali. Alisema alipoliona neno dada kwa mara ya kwanza katika hati ile aliona aibu kama aliyeitwa kwa jina lake.

Alianza kuumwa tumbo mwezi Agosti 2024, akadhani ni vidonda, akanywa maziwa, na mwezi Januari mwaka huu, akipanda metro mwenyewe hadi kliniki ya Olaya, aliambiwa ni saratani ya kongosho na kwamba imechelewa. Alilazwa tarehe 24 Februari. Arwa alikuja kila siku, akiongozwa mkono na dereva, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyemsimulia mwenzake hadithi, kwa Kiswahili cha mama yake. Marehemu alifariki tarehe 3 Aprili 2025, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi.

Sasa marehemu anasema jambo alilopaswa kulisema mwaka 2013, na analisema hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kuliahirisha. Siku ile ya Pasaka, baada ya ibada, baba yao alisema mbele ya waumini kwamba anaitoa nusu ekari, haazimi, na ilipimwa kwa kamba, ncha moja ikiwa mkononi mwa Keziah na ncha nyingine mkononi mwa Onesmus. Yeye, binti wa kwanza wa Protus, anakubali. Kunyamaza kwake kulikuwa kosa, kulimwacha mdogo wake abebe uongo peke yake miaka yote hiyo, na anamwomba msamaha kwa hilo mbele yenu. Onesmus asilazimishwe. Akikomea hapa, Maryann achukue karatasi amalizie, na mtu asimnung'unikie. Lakini akiendelea kusoma kwa kinywa chake, ninyi mnaosikia ni mashahidi.

Marehemu anawashukuru madaktari na wauguzi wa Riyadh, hasa muuguzi Lina aliyemletea kalamu kila alipoipoteza kwenye shuka, anamshukuru Arwa, bosi, kafili na rafiki, aliyesimamia karatasi zote za safari hii ya mwisho, anawashukuru akina dada wa Kenya walioimba naye kwa sauti ya chini siku za Ijumaa, Shiro akiwa wa kwanza, anawashukuru majirani wa Nasubila waliokata nyasi na kusimamisha mahema, na Susan, aliyemwita Maryann mwanangu tangu siku ya kwanza. Wote hawa wamesikia au watasikia.

Mwandiko wa marehemu unaishia hapo. Mistari iliyobaki imeongezwa jana alasiri na Onesmus Simiyu, mdogo wake, naye anasema kwamba kamba aliishika, kwamba baba alitoa, kwamba yeye na wanawe hawana dai tena juu ya nusu ekari ile, na kwamba Jumatatu atakwenda mahakamani kuiondoa kesi kabla haijatajwa tena tarehe 19 Mei. Anaomba aliye na kalamu aandike majina ya waliopo. Anasema pia kwamba alikuwa amechoka siku nyingi, miaka, ila hakumjua mtu wa kumwambia, na mtu mwenyewe alikuwa dada yake, naye kila alipompigia simu walizungumza habari za mvua.

Dada Keziah, nimemaliza kusoma, sasa pumzika kwa amani.