Debe Moja kwa Alhamdu Tano

OPERETA: Nairobi, sema sasa, Diani wamepokea. Dakika tatu.

CHIRAU: Haloo? Haloo, nani hapo?

BIASHA: Ulitaka awe nani? Nyumba umeniachia mimi, na simu yake. Ni shangazi yako Biasha.

CHIRAU: Shikamoo, shangazi.

BIASHA: Marahaba, mwanangu. Nairobi hamjambo? Baridi mwaionaje?

CHIRAU: Hatujambo. Shangazi, hii ni simu ya mbali, dakika zinakwenda. Bwawa limejaa?

BIASHA: Bwawa lipi?

CHIRAU: La kuogelea. Alilotuuzia Mzungu pamoja na nyumba. Jumamosi mheshimiwa wa chama anakuja kulala hapo na wenzake, nimewaambia wataoga—

BIASHA: Ah, lile shimo la buluu.

CHIRAU: Maji yamefika wapi?

BIASHA: Kifundoni. Kuku wa jirani yetu Mbeyu ameingia, akatembea, akatoka kwa miguu yake.

(simu inakwaruza)

CHIRAU: Kifundoni? Na pampu imewashwa tangu juzi? Hukuizima?

BIASHA: Niizime na uliniapisha? Ulisema swichi nisiiguse mpaka uje mwenyewe. Sijaigusa. Inanguruma usiku kucha, hata sala ya alfajiri naisoma kwa kupiga kelele.

CHIRAU: Hebu nenda kaangalie ile saa ya presha, mshale umesimama wapi. Nangoja.

BIASHA: Nimetoka huko sasa hivi. Jana ulisimama kwenye thelathini. Leo umelala kwenye kumi, unatetemeka kama mwenye homa.

CHIRAU: Kumi? Basi maji ya kisimani yameshuka, pampu inavuta upepo. Au paipu imepasuka. Umeona tope mahali?

BIASHA: Tope liko. Pale langoni.

CHIRAU: Paipu haipiti langoni.

BIASHA: Haipiti.

CHIRAU: Sasa tope limetoka wapi?

BIASHA: Wewe ndiye fundi, mimi naeleza ninayoyaona.

CHIRAU: Haya, tuliache hilo. Ulipima kwa debe kama nilivyokuagiza?

BIASHA: Nimepima. Nikatoa mpira wa maji bwawani, nikautia ndani ya debe, nikahesabu mpaka likajaa.

CHIRAU: Sekunde ngapi?

BIASHA: Sekunde nizitoe wapi? Saa ya ukutani Mzungu aliondoka nayo. Nimepima kwa Alhamdu.

CHIRAU: Kwa kitu gani?

BIASHA: Alhamdu. Ile inayosomwa katika sala, kama unakumbuka. Jana debe lilijaa kwa Alhamdu mbili. Leo, kwa tano.

OPERETA: Tatu zimekwisha, Nairobi. Niongeze?

CHIRAU: Ongeza, ongeza. Shangazi, nafanya hesabu hapa. Debe ni galoni nne. Bwawa ni galoni elfu ishirini. Hiyo Alhamdu moja ni sekunde ngapi?

BIASHA: Una saa mkononi. Soma, uiangalie.

CHIRAU: Sasa hivi? Niko ofisini, kuna watu—

BIASHA: Ni haya kumtaja Mungu mbele ya watu? Soma.

CHIRAU: (anakohoa) Alhamdu lillahi rabbil alamin. Arrahmani rrahim. Arrahmani rrahim…

BIASHA: Hiyo umeshaisema.

OPERETA: Maliki yaumi ddin, bwana.

CHIRAU: Nani huyo?

OPERETA: Ofisi ya simu. Laini ilikuwa ikikwaruza, nikaingia kuisikiliza.

BIASHA: Ahsante, bibi. Huyu tulimpeleka chuoni kusoma Kurani miaka mizima. Kumbe maalimu alikula kuku wetu bure.

CHIRAU: Shangazi, tafadhali. Tufanye ni sekunde ishirini. Mara tano, mia. Mara madebe elfu tano… Siku sita. Karibu siku sita, na Jumamosi ni keshokutwa.

BIASHA: Basi mheshimiwa atawadhe. Ya kutawadha yatamtosha.

CHIRAU: Si mambo ya mchezo haya. Akifika akaona shimo kavu, atasema huyu hata nyumba yake imemshinda, ataweza udiwani? Chama kitamsimamisha mtu mwingine. Na hizo kelele hapo ni za nini? Nasikia mabati.

BIASHA: Ni madebe.

CHIRAU: Nilikuachia debe moja.

BIASHA: Moja halina uhakika. Uliniagiza nipime vizuri, nisibahatishe. Tunapima tangu alfajiri.

CHIRAU: Mnapima, nani na nani?

BIASHA: Mimi, Mbeyu, Kadzo, mke wa Boga, na wale wa kwa mzee Rai. Kila mtu amekuja na debe lake ili hesabu isikosee.

CHIRAU: Na maji mkishayapima mnayarudisha bwawani.

(madebe yanagongana)

CHIRAU: Shangazi? Hayo maji mnayamwaga wapi?

BIASHA: Nani amwage maji matamu, wewe? Wanakwenda nayo.

CHIRAU: Wanakwenda nayo wapi? Shangazi, hiyo ni pampu yangu—

BIASHA: Na kisima?

CHIRAU: Kisima kiko ndani ya ua wangu.

BIASHA: Ua wa Mzungu, mwanangu. Wewe ulisimama Ukunda, juu ya meza ya muuza nyama, ukasema Uhuru ukija na Mzungu akienda, ua huu tunauvunja kwa mikono, kisima kirudi kwa wenyewe. Tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Uhuru huu mwaka wa pili. Mzungu amekwenda. Ua upo palepale, wewe umeuongezea kufuli.

CHIRAU: Nilisema tutachimba kingine. Mambo huenda kwa mipango—

BIASHA: Mzungu mwenyewe alikuwa akifungua lango kila asubuhi, watu wakachota. Wewe ndiye uliyenikataza. Mke wa Boga, tumbo hili hapa, leo kesho anazaa, alikuwa akienda mpaka mtoni Mwachema na debe kichwani, tena maji ya huko yana chumvi. Nakutania, Chirau, lakini jambo hili limeniuma. Nimeona haya kuitwa shangazi yako.

(simu inakwaruza)

CHIRAU: Shangazi, nikishakuwa diwani maji yatafika kila mlango. Nivumilieni mpaka Jumamosi ipite. Mheshimiwa akiridhika—

BIASHA: Mheshimiwa anapigia kura Diani?

CHIRAU: Si hivyo—

BIASHA: Nauliza tu. Maana hawa walio hapa ndio wanaopigia hapa.

CHIRAU: Funga lango. Waambie basi, hesabu imekamilika, mpira urudi bwawani. Anayengoja angoje, debe lililojazwa nusu limwagwe humo humo bwawani.

BIASHA: Hata hili lililo chini ya mpira sasa?

CHIRAU: Hata hilo.

BIASHA: Ni la mamako.

CHIRAU: Mama yuko hapo?

BIASHA: Yuko mbele ya foleni. Tangu ulipotia kufuli hakutaka kukanyaga hapa, leo nimembembeleza. Nilimwage?

CHIRAU: Yeye… mgongo wake unamuuma. Anabeba mwenyewe?

BIASHA: Ambebee nani? Mwanawe yuko Nairobi, anapiga hesabu.

CHIRAU: Mpe salamu. Mwambie shikamoo.

BIASHA: Shikamoo haijazi mtungi.

OPERETA: Muda umekwisha, Nairobi. Niongeze?

CHIRAU: Ongeza— hapana, ngoja— shangazi, izime hiyo pampu kwanza, tuzungumze—

BIASHA: Swichi si umeniapisha? Mimi kiapo sikivunji, hayo nimewaachia wakubwa. Njoo uizime kwa mkono wako, mbele ya mamako na hawa wote.

OPERETA: Nairobi, niongeze, bwana?

(kimya)

OPERETA: Bwana?

BIASHA: Muache, bibi, hana la kuongeza. Haya, kwaheri, mwanangu. Debe la mamako limejaa, naitwa nikamtwike.