Bi Pyo Myeong-ok na Neno Ambalo Dereva Hakulisema

Tarehe 31 Desemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Gazeti la Seorim, Bi Pyo Myeong-ok, Mkuu wa Dawati la Vichwa vya Habari, anastaafu. Nimeombwa niandike machache kwa kuwa nimekaa naye meza moja muda mrefu.

Alianza na habari za mahakamani, akahamia vichwa vya habari, akang'ang'ania hapo. Anapenda kahawa ya pakiti yenye sukari tele, na akicheka, mlinzi wa getini anasikia. Waandishi wapya humwogopa kwa swali moja: "Nani kasema, na nani kamsikia?"

Swali hilo lilimponza mwaka ule basi la chekechea lilipoacha njia kwenye mteremko na kugonga ukingo wa Daraja la Unam. Watoto wawili walifariki. Mji mzima ulikuwa unalia na kutafuta wa kumlaumu. Kufikia mchana, magazeti mengine yalikuwa yameshaandika mtandaoni, ndani ya alama za nukuu, neno la dereva Maeng Dong-su: "Nilisinzia."

Mwandishi wetu, Do Hye-rin, akaleta habari yenye nukuu hiyo hiyo. Bi Pyo akamwita.

"Hye-rin, dereva kakwambia wewe?"

"Hapana, Mkuu. Ofisa wa polisi alisema huenda alisinzia."

"Na hiyo ‘huenda’ umeipeleka wapi?"

Bi Pyo akatafuta namba ya mke wa dereva, akapiga. Alisikiliza tu. Alipoweka simu chini, uso ulikuwa umembadilika.

"Tangu atolewe kwenye basi ana mpira wa kupumulia kooni," alisema. "Hajatamka neno."

Mhariri Mkuu wa wakati ule, Bwana Seok, akatoka ofisini mwake kwa kasi.

"Wenzetu wote wanayo! Weka nukuu, Bi Pyo. Tukiweka alama zile, si sisi tunaosema."

"Sasa nani anasema, Bwana Mhariri? Mtu mwenye mpira kooni?"

"Usinifundishe kazi mbele ya vijana!"

"Basi iandike mwenyewe, na jina lako uliweke. Mkono wangu hauandiki."

Tulidhani atamfukuza palepale. Bwana Seok alimkazia macho, kisha akageuka. "Iondoe hiyo nukuu. Lakini tukiachwa nyuma, utajibu wewe."

Tuliachwa nyuma kweli. Wasomaji walitutukana kwamba tunamkingia kifua muuaji. Haukupita muda Bi Pyo akahamishiwa matangazo ya vifo, akakaa huko miaka miwili. Hata huko hakutulia: aliwapigia wafiwa simu kuhakikisha jina la marehemu, mpaka bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, mume wangu namjua!"

Baadaye uchunguzi ulionyesha kuwa breki ndizo zilizofeli. Majira ya kuchipua yalipofika, Bwana Maeng alikuja ofisini kwetu akitembelea mkongojo, sauti imebaki mkwaruzo.

"Nilizinduka nikakuta nimeshasema," alituambia. "Mama wa mtoto mmoja alikuja hospitali kuniuliza nililalaje. Sikuwa na sauti ya kumjibu."

Hye-rin alimpisha kiti chake, akabaki amesimama ukutani.

Bi Pyo akachukua likizo yake, akaongozana naye kwenye gazeti moja baada ya jingine kuomba ile nukuu ifutwe. Wengine walifuta na kuomba radhi. Wengine hawakuwapa hata pa kukaa. Nukuu yao ingali mtandaoni mpaka leo. Mwisho wakaenda kwa yule mama. Bi Pyo alisubiri nje, maana humo ndani, alisema, hakukuwa na kazi ya mwandishi. Walipotoka, mama yule alikuwa amemshika dereva mkono, akawasindikiza mpaka kituo cha basi.

Miaka ile miwili ilipokwisha, kurudishwa kwa Bi Pyo kwenye dawati letu tulikusherehekea kwa nyama ya kuchoma, naye akaimba vibaya sana.

Sasa anahamia kwa dada yake huko Namhae kulima vitunguu saumu. Asante, Mkuu, kwa kutusumbua. Mgongo ulioinamia meza miaka yote hii upone, vitunguu vistawi, na kila asubuhi ulale mpaka usingizi wenyewe ukuchoke.