Ruta ya Ukoo

Stefano alipanda Noah ya abiria ya kutoka Mgeta akitaka kusinzia hadi mjini, lakini wawili waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. Mwanamume mmoja, Mwinjuma, alikuwa anamtazama mama yake kwenye simu: bibi wa watu kajilaza kitandani kule Mwembesongo, na kamera ndogo mezani kando yake inamwangalia. Jirani yake, dada fundi wa mitandao aitwaye Winfrida, akachungulia.

"Pasiwedi ya ruta ya intaneti hapo nyumbani ulibadilisha, kaka?"

"Nibadilishe ya nini? Iko kwenye stika ya nyuma. Niliipiga picha nikaitupia kwenye grupu la ukoo, mtu akija kumjulia hali mama asihangaike."

"Grupu lina watu wangapi?"

"Mia mbili na kumi."

Harusi ya Stefano haikupata watu hao, na pilau ilikuwapo.

"Basi yeyote mwenye hiyo picha akisimama dirishani kwako anaingia kwenye ruta, na picha za kamera zinapitia humohumo. Badilisha leo."

"Nikibadilisha, wajomba watasema nimewafungia mlango."

"Na wakimwona mama anaogeshwa hapo kitandani?"

Gari liliposimama Mwembesongo, Mwinjuma alishuka simu ikiwa sikioni.

"Shikamoo mama. Hiyo kamera hapo mezani, hebu itupie kanga."

Sauti ya bibi ilisikika hadi ndani ya gari. "Marahaba. Sasa wewe utanionaje?"

Konda akafunga mlango.