Nyumba Tupu Iliyofagiwa Kila Asubuhi

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Nasimama kumshukuru, maana swali moja lilikuwa limeninyima usingizi: nani anafagia uwanja wa nyumba isiyo na mtu?

Mnanijua. Mimi ni yule binti wa kijijini Titye niliyemaliza chuo nikapata kazi hapa Kasulu, ambaye hata kununua viatu hufikiria wiki nzima. Mama yangu anaumwa miguu, na kutoka Titye hadi hospitali ni mateso. Nikamtafutia nyumba mjini. Dalali akanipeleka kwenye mtaa ule wa miti mikubwa, ambako jua haligusi ardhi. Nyumba nzuri, matofali ya kuchoma, bei ya chini mno. Hapo ndipo mawazo yalipoanza!

Miti ile ilimwaga majani barabara nzima. Ndani ya uwanja, hakuna hata jani moja! Pembeni kulikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu, yamepandwa safu mbili fupi. Majirani waliopita walisimama langoni, wakasema "Mwakeye!" kama mtu anayewaamkia wenyeji, wakangoja kidogo, wakaenda zao. Wanamwamkia nani?

"Dada, umesoma mpaka umezidisha," dalali alinicheka. "Masale ni mpaka tu. Ng'oa, jenga choo cha mama hapo."

Ndugu zangu, nilifunga, nikaomba, sikupona. Asubuhi moja ya ukungu mzito niliingia peke yangu, nikapiga magoti sebuleni, nikalia: "Bwana, nimechoka na maswali! Nionyeshe!"

Sauti nje ikaitikia: "Amina."

Nikatoka. Hakuna mtu. Mistari ya ufagio bado mibichi, na hakuna alama ya mguu.

Siku nyingine ningekimbia. Siku hiyo nilikwenda kwa jirani, bibi mmoja aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, nikauliza kwa kinywa changu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya!

"Hawakukwambia?" akasema. "Penye masale wamelala watoto wawili wa nyumba ile. Mama yao aliiuza aliporudi Burundi, akatuachia wanawe. Tunawaamkia, tunawafagilia kwa zamu, wasijione wametupwa."

"Leo ni zamu ya nani, Bibi?"

"Yangu. Ila goti limenikamata, mjukuu wangu. Sijatoka bado."

Basi nani alikuwa amefagia? Lakini hofu, haleluya, haikuja! Nilikuwa karibu kujenga choo juu ya watoto wa watu, na Bwana akanizuia. Aliyeitikia simjui. Nimekubali kutomjua, mimi ambaye sijawahi kukubali kutojua kitu!

Nikamwita muuzaji, mwenye nyumba wa sasa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na majirani, nikasema: "Nanunua, na watoto wanabaki. Choo nitajenga nyuma." Nikalipa.

Asante, Yesu! Na wewe unayekesha na swali lako, mkabidhi Bwana, kisha inuka ukaulize. Mimi nimehamia, na mama yuko nami.